Springi za bapa, mkono wa torki au mikono minne: ulinganisho wa suspensheni ya nyuma kwa Camaro ya 1967 hadi 1969

Mwenye Chevrolet Camaro ya kizazi cha kwanza, yaani ile ya modeli za 1967 hadi 1969, huweza kutumia fedha nyingi kwenye injini, giaboksi na breki kabla ya kugundua kwamba gari likikanyagwa mafuta kwa nguvu, nyuma yake huruka-ruka badala ya kusukuma, na kwamba likiingia kwenye kona yenye mabonde, ekseli huhama pembeni kama vile haikufungwa. Wauzaji wa vifaa wana jibu kwa kila mfuko, kuanzia seti ya springi mpya inayogharimu dola mia chache hadi mfumo mzima wa maelfu ya dola unaodai sakafu ya gari ikatwe. Ulinganisho huu unaziweka njia hizo pamoja, na unaandikwa kwa msimamo mmoja: mtu anunue mfumo unaochukua ile kazi ambayo springi za kiwandani zinashindwa kuifanya kwenye gari lake, na kazi zinazofanywa vizuri aziache mahali pake.

Mengi yanayosemwa hapa yanaihusu pia Pontiac Firebird ya miaka hiyohiyo, Chevrolet Nova ya 1968 na kuendelea, na Ford Mustang ya 1965 hadi 1970, kwa kuwa zote zina ekseli nzima ya nyuma iliyobebwa na springi za bapa. Chevelle na GTO za 1964 hadi 1972 zilitoka kiwandani na mpangilio mwingine, nazo zitaguswa kwa ufupi baadaye.

Springi moja, kazi tatu

Chini ya Camaro, ekseli ya nyuma hufungwa juu ya springi mbili za bapa, za aina ileile tunayoiona chini ya malori na pikapu. Kwa kawaida hakuna mkono, yaani chuma kirefu kinachounganisha ekseli na bodi, wala ufito mwingine unaoishikilia. Springi hubeba uzito wa gari, huizuia ekseli isisogee mbele, nyuma wala pembeni, na tena hupokea nguvu inayojaribu kuizungusha nyumba ya ekseli kila dereva anapokanyaga mafuta au breki. Mpangilio huu huitwa Hotchkiss, kwa jina la kampuni ya Ufaransa, na uzuri wake ni kwamba una vipande vichache na gharama ndogo. Udhaifu wake ni kwamba chuma kilekile kinachotakiwa kiwe laini ili gari lisirushe abiria ndicho kinachotakiwa kiwe kigumu ili ekseli isijizungushe.

Ukubwa wa kazi hiyo ya tatu huonekana vizuri kwa hesabu. Chukua injini inayotoa torki, yaani nguvu ya kuzungusha, ya Nm 540, gia ya kwanza yenye uwiano wa 2.52 kama ilivyo kwenye giaboksi ya Muncie M20, na difu yenye uwiano wa 3.73. Ukizidisha, matairi ya nyuma hupata takriban Nm 5,100 kabla ya kutoa hasara ya msuguano, na nyumba ya ekseli husukumwa kwa kiasi kama hicho kuelekea upande wa kinyume, pua ya difu, yaani ncha yake ya mbele inayoungana na propela, ikitaka kuinuka. Springi hujipinda hadi kuwa na umbo la herufi S, tairi likapoteza mshiko, springi ikajirudi ghafla, tairi likashika tena, na kisa chote kikaanza upya mara nyingi ndani ya sekunde moja. Mtikisiko huo ndio unaovunja jointi za propela na, kwa wasio na bahati, meno ya difu.

Chevrolet walilijua jambo hili mapema. Camaro zote za 1967 zilikuwa na springi ya bapa moja tu kila upande, na baadhi ya zile zenye nguvu zaidi ziliongezewa ufito wa kuizuia ekseli isijizungushe upande wa kulia. Mwaka 1968 shokapu zilipangwa upya, moja ikawa mbele ya ekseli na nyingine nyuma yake, ili zisaidie kuupunguza mtikisiko, na magari yenye injini kubwa yakapewa springi za bapa nyingi. Chrysler kwa upande wao walikuwa na dawa ya bei nafuu zaidi: waliifunga ekseli mbele ya katikati ya springi, hivyo kipande cha mbele kikawa kifupi na kigumu cha kutosha kufanya kazi ya mkono, na kipande kirefu cha nyuma kikabaki laini kwa ajili ya abiria. Kwa maoni yangu huo ni uhandisi mzuri kuliko wengi wanavyoukubali leo.

Kinachopaswa kukaguliwa kabla ya kununua chochote

Camaro haina chesisi kamili. Fremu ndogo ya mbele, inayobeba injini, imefungwa kwa boliti kwenye bodi, na sehemu yote ya nyuma ni mabati yaliyokunjwa na kuchomelewa. Kwa hiyo mfumo wowote mpya wa nyuma utakuwa na uimara uleule wa mabati unayoyafungia. Mifuko ya mbele ya springi, yaani mahali ncha zake za mbele zinapofungwa kwenye bodi, ambayo hukusanya maji na matope, ikaguliwe kwa kugongwa, isitazamwe tu kwa macho. Vyuma vya kuunganisha fremu ya mbele na mihimili ya nyuma vichomelewe kwanza, kwa kuwa bodi inayojikunja hufanya kazi ya springi ambayo hakuna mtu aliyeipima. Bushi, boliti za U na shokapu zilizochoka zibadilishwe, kisha gari liendeshwe tena. Wapo watu wengi waliokwisha kulipia mfumo mzima wa kuondoa tatizo ambalo chanzo chake kilikuwa bushi za miaka 50.

Kubaki na springi za bapa

Njia ya kwanza ni kufunga springi mpya za bapa nyingi, zenye ugumu unaolingana na uzito wa gari, pamoja na shokapu bora na bushi mpya. Kampuni kama Hotchkis na Detroit Speed huuza springi zilizokunjwa kwa namna ya kulishusha gari kwa inchi moja hadi tatu bila kuweka vipande vya chuma kati ya springi na ekseli. Kulishusha gari kwa vipande hivyo ni rahisi, lakini kila inchi inayoongezwa kati ya springi na ekseli huipa ile nguvu ya kujizungusha mkono mrefu zaidi wa kuipindia springi, na tatizo lililokusudiwa kuponywa huzidi.

Wanaozidharau springi za bapa wana hoja mbili zenye uzito. Ya kwanza ni msuguano kati ya bapa na bapa, ambao huzifanya zisitikie vizuri kwenye mikwaruzo midogo ya barabara, hata gari likawa gumu katika mwendo wa polepole. Ya pili ni kwamba gari likilala kwenye kona, springi hulazimika kujisokota kwenye bushi zake. Hapa ndipo uchaguzi wa bushi unapokuwa na maana kuliko bei yake: mpira hukubali kusokotwa, na kwa gari la barabarani bado ni chaguo zuri, wakati plastiki ngumu ya polyurethane huishika springi kwa ukaidi, hupiga kelele ikikauka grisi, na huongeza ugumu ambao mwenye gari hakuuomba. Bushi za Delrin, aina ya plastiki ngumu, na alumini huzunguka kwa ulaini zaidi, ila huleta sauti za barabara ndani ya gari.

Hata hivyo, historia inawataka wanaodharau wapunguze sauti. Mwaka 1968 Mark Donohue, akiendesha Camaro Z/28, toleo la kimichezo la Camaro, ya timu ya Roger Penske yenye springi za bapa nyuma, alishinda mashindano 10 kati ya 13 ya msimu wa Trans-Am, mfululizo wa mbio za magari wa Marekani, na Chevrolet ikachukua ubingwa mwaka huo na mwaka uliofuata. Mashindano yale yalikuwa ya kona, si ya kunyooka. Ni kweli kwamba magari yale yalitengenezwa na mafundi wa hali ya juu kabisa, na ni kweli pia kwamba matairi ya siku zile yalishika kwa kiasi kidogo kuliko ya leo, lakini mtu anayesema springi za bapa haziwezi kupiga kona anabishana na matokeo yaliyoandikwa.

Kwa msomaji aliye mbali na maduka ya Marekani, awe Muscat au Mombasa, njia hii ina faida nyingine isiyotajwa kwenye matangazo: springi za bapa zinafahamika na kila fundi wa malori, na bushi zake zinaweza kupatikana au kuchongwa. Tahadhari ni moja tu. Fundi wa malori huongeza bapa ili gari libebe mzigo, na akiachiwa aitibu Camaro kwa desturi hiyo, atairudisha ikiwa ngumu kama tela, tena bila kuizuia ekseli kujizungusha kwa kiasi kinachotakiwa.

Kuisaidia springi bila kuiondoa

Kati ya kubaki na springi na kuziondoa kuna vyuma vya kuongeza mshiko, ambavyo huchukua kazi ya tatu peke yake na kuziacha mbili za kwanza kwa springi. Aina ya zamani ni chuma kinachobanwa chini ya springi pamoja na ekseli, kikiwa na kipande cha mpira kwenye ncha ya mbele. Ekseli ikitaka kujizungusha, mpira hugonga karibu na jicho la mbele la springi na kuizuia. Ni bei ndogo sana na hufungwa kwa saa chache, lakini huning'inia chini, hugonga kwa kishindo, na huigeuza springi kuwa ngumu ghafla, jambo ambalo si la kupendeza katikati ya kona yenye mvua.

Aina ya pili, ambayo Calvert Racing ya California huiuza kwa jina la CalTracs, imefikiriwa vizuri zaidi. Ufito hutoka chini ya ekseli hadi kwenye kibati chenye umbo la pembetatu kilichowekwa kwenye jicho la mbele la springi. Ekseli inapojaribu kujizungusha, ufito husukuma kibati, kibati nacho huikandamiza nusu ya mbele ya springi ili isipinde, na nguvu iliyokuwa ikipotea katika kuikunja springi hugeuka kuwa nguvu ya kulikandamiza tairi ardhini. Kwa mbio za robo maili sijui njia nyingine inayorudisha faida kubwa hivyo kwa kila dola. Ila ufito huo husaidia upande mmoja tu. Unapokanyaga breki, ekseli hutaka kujizungusha kinyume, pua ya difu ikishuka, na hapo kibati hakina la kufanya. Kwa hiyo mwenye gari linaloruka-ruka wakati wa kupunguza mwendo kabla ya kona asitegemee kwamba chombo hiki kitamtibu. Pia hakiishikilii ekseli pembeni.

Mkono wa torki

Tukiondoka kwenye springi za bapa, ekseli inahitaji mikono ya kuishikilia na springi za koili, yaani za chuma kilichozungushwa, za kubeba uzito, na swali linabaki ni mikono mingapi na ipangwe vipi. Mkono wa torki ndio mfumo ninaoupenda zaidi kwa Camaro inayoendeshwa kwenye kona, kwa hiyo msomaji apime maneno yangu akijua upande niliosimama.

Mkono mrefu hufungwa kwa uthabiti kwenye nyumba ya difu na kwenda mbele hadi karibu na giaboksi, ambako ncha yake hukaa kwenye kiungo kinachoiruhusu isogee mbele na nyuma lakini si juu na chini. Mikono miwili ya chini husukuma gari, na ufito wa Panhard au kiungo cha Watt huizuia ekseli isiende pembeni. Kila kipande kina kazi yake na hakiingilii ya mwenzake, ndiyo maana mfumo huu hauna mbanano gari linapolala. General Motors wenyewe waliutumia kwenye Camaro ya kizazi cha tatu na cha nne, kuanzia 1982 hadi 2002, kwa hiyo mtu anayeufunga kwenye Camaro ya 1969 anaipa gari teknolojia ya wajukuu wake mwenyewe.

Gharama ya wema huo ipo kwenye ncha ya mbele ya mkono. Tukirudi kwenye zile Nm 5,100, hata baada ya kuondoa sehemu inayopokelewa na mikono ya chini, ncha ya mkono wenye urefu wa mita 1.2 huweza kuisukuma bodi juu kwa nguvu inayozidi uzito wa kilo 200. Nguvu hiyo ndiyo inayolikandamiza tairi ardhini gari linapoondoka, na kwa hiyo ni rafiki, lakini lazima ipokelewe na mhimili imara uliofungwa kwenye vile vyuma vya kuunganisha fremu. Katika magari ya kiwandani ya 1982 na kuendelea, mkono ulifungwa mkiani mwa giaboksi, na mafundi wa mbio waliuhamishia kwenye mhimili wa peke yake mara injini zilipoanza kuongezewa nguvu. Mkono ukiwa mfupi mno, breki kali huweza kuinua ekseli na kuifanya iruke, kwa hiyo seti yenye mkono mrefu zaidi ndiyo ya kuchaguliwa pale ambapo nafasi inaruhusu. Bomba la moshi nalo hupata shida ya kupita, na sauti ya difu hufika ndani ya gari waziwazi zaidi kuliko mwanzo.

Kuhusu uchaguzi kati ya ufito wa Panhard na kiungo cha Watt, ubishi wake ni mkubwa kuliko tofauti yenyewe. Ufito wa Panhard huunganisha ekseli na bodi kwa kipande kimoja, na kwa kuwa ncha yake huchora tao, ekseli inapopanda husogea pembeni kidogo. Ufito wa mita moja uliolala sawasawa, ekseli ikipanda milimita 75, huihamisha ekseli kwa milimita 2.8. Ufito wa nusu mita katika hali ileile huihamisha kwa milimita 5.7. Kwa gari la barabarani, ufito mrefu uliofungwa ukiwa umelala hautahisiwa na dereva. Kiungo cha Watt, ambacho asili yake ni injini za mvuke za James Watt wa karne ya 18, huiweka ekseli katikati na hulifanya gari likate kona za kulia na za kushoto kwa namna ileile, lakini huongeza uzito, viungo na bei, na hugombania nafasi na tangi la mafuta na mabomba. Yeyote anayekwenda kwenye uwanja wa mbio mara kwa mara ataifurahia tofauti hiyo, ila kwa wengine fedha hizo zingefanya kazi nzuri zaidi kwenye shokapu.

Mikono minne

Mifumo ya mikono minne ndiyo inayonunuliwa sana, na ndiyo inayochanganya watu sana, kwa sababu jina moja linafunika mipangilio miwili yenye tabia tofauti.

Wa kwanza ni ule ambao mikono ya juu imewekwa kwa mshazari, ikielekeana kama pande mbili za pembetatu. Mshazari huo huizuia ekseli isiende pembeni bila ufito wa Panhard, na nafasi kubwa hubaki kwa ajili ya mabomba ya moshi. Ridetech na kampuni nyingine huuza seti za Camaro zinazofungwa kwa boliti, bila kukata sakafu, na fundi mwenye vifaa vya kawaida anaweza kuimaliza kazi hiyo kwenye gereji ya nyumbani. Kwa safari ndefu, seti hiyo pamoja na shokapu zenye koili, yaani zilizovikwa springi, hulilainisha gari kwa kiasi ambacho springi za bapa haziwezi kukifikia. Kasoro yake ni ya kijiometri: gari linapolala, mikono iliyo kwenye mshazari hutaka kuvutana, na kinachoiachia ni ulaini wa bushi au viungo vya duara. Bushi laini huleta utulivu na huiacha ekseli isogee kidogo. Viungo vya duara huishika sawasawa lakini huchakaa na kugonga. Zaidi ya hayo, mfumo huu huuweka juu ule mstari ambao nyuma ya gari hulalia, na huo ni mwelekeo wa kuifanya nyuma iwe nyepesi kuteleza kwenye kona kali. Ufito wa Panhard huweza kushushwa; mikono ya mshazari haitoi nafasi hiyo.

Wa pili ni ule wa mikono inayokwenda karibu sambamba na urefu wa gari, pamoja na ufito wa Panhard. Kwa magari ya mbio za kunyooka, mpangilio huu wenye matundu mengi ya kurekebishia ndio mfalme, kwa kuwa fundi anaweza kuamua nguvu ya kuondoka itue wapi. Kwa barabara, ukifungwa kwa bushi ngumu hubanana gari likilala, na ekseli yenyewe hugeuka kuwa stabilaiza, yaani ufito wa kuzuia gari lisilale, kubwa isiyotakiwa. Detroit Speed walilishughulikia hilo kwenye mfumo wao wa QUADRALink kwa kuitengeneza mikono yenye kiungo kinachozunguka, na matokeo yake ni mazuri sana, lakini sakafu chini ya kiti cha nyuma hukatwa na mhimili mpya huchomelewa. Hiyo ni kazi ya gari lililovuliwa mambo yote ya ndani, isifanywe kwenye gari ambalo zulia lake ndiyo kwanza limewekwa.

Mikono mitatu, yaani miwili chini na mmoja juu katikati, pamoja na ufito wa Panhard, ilitumiwa na Ford kwenye Mustang ya 2005 hadi 2014, na kwa nadharia ni safi kuliko mikono minne yote. Kwenye Camaro mkono wa juu hudai nafasi ambayo tayari imekaliwa na sakafu na kiti cha nyuma, na hapo wengi hukata tamaa.

Njia mbili za kupitiwa haraka

Mikono mirefu ya pikapu za Chevrolet za 1960 hadi 1972, inayokutana chini ya giaboksi, ilitumika kwenye magari ya ngazi ya juu ya NASCAR, mbio za magari za Marekani, hadi 2021, na huo ni ushahidi wa kutosha kwamba inafanya kazi. Seti za barabarani ni chache, na mikono hiyo hukaa palepale mabomba ya moshi yanapotaka kupita.

Suspensheni huru, ambayo kila tairi la nyuma hupanda na kushuka peke yake, ndiyo laini kuliko zote kwenye barabara mbovu, na ndiyo ghali kuliko zote. Mwenye gari aliyetaka kuifunga kwa kuamini kwamba itaondoa mruko wa matairi aangalie Mustang Cobra za 2003 na 2004, zilizotoka kiwandani na suspensheni huru na nguvu nyingi, na ambazo wamiliki wake kadhaa walizirudishia ekseli nzima kwa sababu ya mruko huohuo wakati wa kuondoka. Camaro yenyewe ilisubiri hadi modeli ya 2010 kupewa mfumo huo. Nauona kuwa halali kwa mtu anayelijenga gari upya kuanzia kwenye bati tupu, na si kwa mwingine.

Chevelle, GTO na magari yanayofanana nayo

Hizi tayari zina springi za koili na mikono minne yenye mshazari, kwa hiyo hazihitaji kubadilishiwa mfumo. Mikono ya chini ya kiwandani ni bati lililokunjwa lenye upande wazi, na hujisokota. Ikibadilishwa kwa ya bomba au ya boksi, ikafungwa mikono ya juu inayorekebishika, stabilaiza ya nyuma na shokapu nzuri, sehemu kubwa ya kazi imekwisha kwa gharama ndogo.

Nani achague nini

Camaro yenye injini ya asili au iliyoongezewa kwa kiasi, inayotembea barabarani wikiendi na kwenda kwenye maonyesho, ibaki na springi za bapa nyingi, shokapu bora na vyuma vya kuunganisha fremu. Kama ni Z/28 au SS (toleo jingine la kimichezo) halisi yenye namba za kiwandani zinazolingana, shauri hilo huwa karibu na amri, kwa kuwa springi zinaweza kurudishwa siku moja lakini sakafu iliyokatwa hairudi, na mnunuzi wa gari kama hilo hulipia asili yake. Mwenye kupenda robo maili aongeze ufito wa aina ya CalTracs, na fedha inayobaki ainunulie matairi.

Anayekwenda kwenye uwanja wa mbio za kona mara kadhaa kwa mwaka, au anayeishi karibu na barabara za milimani, atafaidika na mkono wa torki kuliko mfumo mwingine wowote katika bei hiyo, maana unashughulikia kuondoka, breki na kona kwa pamoja. Anayetaka gari la safari, lenye kiyoyozi na abiria wawili wasiolalamika, na asiyetaka kuchomelea, achukue mikono minne ya mshazari inayofungwa kwa boliti, tena yenye bushi za mpira au mchanganyiko badala ya viungo vya duara. Upana wa tairi nao huingia kwenye hesabu: nafasi ya asili hukubali takriban milimita 245 hadi 255, na anayetaka zaidi ya hapo kwa kiasi kikubwa atalazimika kupanua mabati ya ndani ya matairi, kazi ambayo ikishaanza, hoja ya kutokata sakafu hupoteza nguvu na QUADRALink huwa chaguo la busara.

Kosa moja la hatari linafaa kutajwa waziwazi kwa sababu linauzwa kama njia ya mkato. Shokapu zenye koili hazifai kufungwa kwenye matundu ya asili ya shokapu na kuachiwa zibebe gari. Bati pale juu liliwekwa kupokea nguvu ya kutuliza mtikisiko, halikuwekwa kubeba uzito wote wa nyuma, na litapasuka. Seti yoyote ya koili isiyokuja na mhimili wake wa juu irudishwe dukani.

Wakati wa kufunga

Boliti za bushi za mpira zikazwe gari likiwa limekaa chini kwa uzito wake, kwa sababu zikikazwa ekseli ikining'inia, mpira huanza maisha ukiwa umesokotwa na hauishi muda mrefu. Pembe ya pua ya difu nayo ipimwe katika hali hiyohiyo: kwa springi za bapa za barabarani, kuielekeza chini kwa nyuzi 2 hadi 3 ukilinganisha na mstari wa propela huipa nafasi ya kuinuka chini ya nguvu, na kwa mikono yenye bushi ngumu nyuzi 1 hadi 2 hutosha. Hosi ya breki ikaguliwe ekseli ikiwa imeshuka mwisho wake, kwa maana springi mpya huweza kuipa ekseli mwendo mrefu kuliko hosi ilivyokatwa, na boliti za U zikazwe tena baada ya safari za kwanza. Stabilaiza ya nyuma ifungwe mwisho kabisa, baada ya gari kuendeshwa bila hiyo, kwa kuwa ndiyo inayoamua kama mbele au nyuma itaanza kuteleza. Na kwa Camaro ambayo tayari ina stabilaiza nene mbele, ile nyembamba zaidi katika orodha ya mtengenezaji inafaa kwa kuanzia.